Jino na Umri wa Dhabihu
Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika katika kitabu chake Minhaj kwamba ng'ombe na mbuzi wa udhuhia, yaani dhabihu ya Idi, sharti wawe wameingia mwaka wa tatu, na ngamia mwaka wa sita. Na kwa kuwa mifugo haina cheti, mnunuzi wa pwani yetu, afuataye madhehebu ya Shafii kama Nawawi, humfunua mnyama mdomo. Kwa ng'ombe, juu mbele hamna jino ila ufizi mgumu. Chini yamo manane, na yale mawili ya kati, membamba ya utoto, yakishang'oka na kupisha mapana, hukadiriwa kuwa miaka miwili imetimia. Elimu hii naistahi kwa dhati, maana humkinga mnunuzi na ndama aliyenenepeshwa. Jozi ya nne ikishaota, hubaki kukisia kwa ulikaji, na malisho ya mchanga huyala meno upesi.