Kushindwa kwa Kishujaa: Kutoka Virginia hadi Sayari za Pembezoni

Mabaharia wetu wana desturi ya kuvipa vyombo vyao majina ya heri: Subira, Tawakali, Nia Njema. Nahodha Malcolm Reynolds, mhusika mkuu wa tamthilia ya Firefly iliyoanza kurushwa na kituo cha Fox cha Marekani Septemba 20, 2002, alifanya kinyume. Chombo chake cha angani alikiita Serenity, jina la bonde ambamo jeshi lake liliangamia na matumaini yake yakazikwa. Kila anapokwenda, anakwenda ndani ya siku ile aliyoshindwa.

Kwa msomaji asiyeifahamu tamthilia hiyo, muhtasari wake ni huu. Mwaka ni 2517. Binadamu wamekwisha kuihama dunia na kukaa katika mfumo mpya wa sayari nyingi. Sayari za katikati zina majiji ya vioo, hospitali na vyuo, na zinatawaliwa na dola iitwayo Muungano (neno hilo kwetu lina uzito wake, nami hapa naliazima tu). Sayari za pembezoni ni vumbi, farasi, bunduki na homa zisizo na dawa. Miaka sita nyuma, watu wa pembezoni walipigana vita ili wasitawaliwe na Muungano, wakashindwa. Walivaa makoti ya kahawia, na hilo ndilo jina walilobaki nalo. Reynolds, aliyekuwa sajini wao, sasa anaishi kwa magendo na wizi mdogo mdogo katika maeneo ambayo mkono wa serikali hufika kwa kuchelewa, au haufiki kabisa.

Vipindi 14 vilitengenezwa. 11 tu vilionyeshwa kabla ya kituo kuisitisha tamthilia mwezi Desemba mwaka huohuo. Kile cha kwanza kabisa, kinachosimulia bonde la Serenity, ndicho kilichorushwa mwisho, hivyo watazamaji waliwaona walioshindwa miezi mitatu kabla ya kuonyeshwa namna walivyoshindwa. Hata hivyo wapenzi wake hawakuiacha. Walishikamana mpaka filamu ya Serenity ikatengenezwa mwaka 2005, nao hadi leo hujiita Makoti ya Kahawia. Watu wa kizazi hiki, walio huru na wengi wao wenye maisha ya wastani, wamejichagulia jina la jeshi lililoshindwa katika vita ambavyo havikuwahi kutokea. Uchaguzi huo una historia ndefu.

Mtunzi wa tamthilia hiyo, Joss Whedon, amekwisha kueleza kwamba wazo lilimjia baada ya kusoma The Killer Angels, riwaya ya Michael Shaara ya mwaka 1974 kuhusu mapigano ya Gettysburg. Mapigano hayo yalidumu siku tatu, tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, na yakaacha watu wapatao 51,000 wakiwa wamekufa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Jeshi la Kusini chini ya Jenerali Robert E. Lee lilishindwa, na halikupata tena nguvu ya kuivamia Kaskazini kwa kiwango kile. Alama zote za kushindwa kwa kishujaa zipo Gettysburg: askari waliovuka uwanja mpana mbele ya mizinga, makamanda waliojua kwamba amri ni mbaya wakaitii, na mvua iliyowanyeshea majeruhi wakati wa kurudi nyuma. Nyuma ya picha hiyo kuna nyingine isiyochorwa mara nyingi. Wakati jeshi la Lee likipita Pennsylvania kuelekea uwanja huo, askari wake waliwakamata watu weusi, wakiwemo waliozaliwa huru, wakawapeleka Kusini kutiwa utumwani. Jeshi lile lilitembea na kusudi lake.

Kusudi hilo halikuwa siri wakati huo. Machi 21, 1861, mjini Savannah, Alexander Stephens, makamu wa rais wa Shirikisho la Kusini, alitangaza hadharani kwamba msingi wa serikali yao mpya ni imani kuwa mtu mweusi si sawa na mtu mweupe, na kwamba utumwa ndiyo hali yake ya asili. Hotuba hiyo inajulikana hadi leo kwa jina la jiwe la pembeni. Vita vilipokwisha na takriban watumwa milioni 4 wakawa huru, Stephens huyohuyo aliandika kitabu cha majuzuu mawili, kilichotoka kati ya 1868 na 1870, akidai kwamba mgogoro ulihusu katiba na haki za majimbo dhidi ya serikali kuu inayojilimbikizia madaraka. Mwandishi wa magazeti Edward Pollard alikuwa amekwisha kulipatia dai hilo jina lake mwaka 1866: mapambano yaliyopotea. Kwa muda wa miaka mitano tu utumwa uliondolewa katika sababu za vita, na mahali pake pakawekwa uhuru.

Ni ujanja wa kalamu ambao sisi wanaoshughulika na historia hatuna budi kuustaajabia hata tunapouchukia. Ukilitoa kusudi, kinachobaki ni majonzi. Na majonzi yaliyotengwa na kusudi lake yanaweza kusafirishwa popote.

Safari yake ya kwanza ilikuwa kwenda magharibi. Jesse James, jambazi mashuhuri kuliko wote wa karne ile, alijiunga na wapiganaji wa msituni wa upande wa Kusini huko Missouri akiwa kijana wa miaka 16. Familia yake ilimiliki watumwa. Baada ya vita hakuweka silaha chini, aligeukia mabenki na treni. Angebaki mwizi wa kawaida kama si mhariri John Newman Edwards, aliyekuwa meja katika jeshi la Kusini. Mwaka 1872 wezi waliosadikiwa kuwa kundi la James walipopora fedha za kiingilio katika maonyesho ya Kansas City, Edwards aliwasifu gazetini kana kwamba ni mashujaa wa enzi za wafalme wa kale. Hapo ndipo mambo mawili yalipofungwa fundo moja: askari aliyeshindwa na mtu asiyetii sheria. Kuvunja sheria kukawa njia ya kuendeleza vita vya heshima kwa sababu sheria yenyewe ilikuwa ya mshindi.

Safari ya pili ilikuwa kwenda angani, tena mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1912 Edgar Rice Burroughs, huyohuyo aliyemtunga Tarzan, alichapisha gazetini hadithi iliyokuja kuitwa A Princess of Mars. Shujaa wake ni John Carter, nahodha wa jeshi la Kusini kutoka Virginia. Vita vinapokwisha amebaki na mamia ya maelfu ya dola za Shirikisho zisizonunua kitu. Anakwenda Arizona kutafuta dhahabu, anafukuzwa na Waapache, anajificha pangoni, na kwa muujiza anajikuta katika sayari ya Mirihi. Huko hakuna Kaskazini, hakuna kushindwa, na upanga wake una thamani tena. Katika utangulizi, msimulizi hakusahau kutuambia kwamba watumwa wa familia walimpenda Carter kupita kiasi. Baba yake Burroughs, nashangaa kila ninapolikumbuka hili, alikuwa afisa wa jeshi la Kaskazini. Mtoto wa mshindi ndiye aliyempeleka mshindwa mbinguni.

Sinema ilifanya mengine. Nitaje filamu moja tu, The Outlaw Josey Wales ya mwaka 1976, ambamo Clint Eastwood ni mkulima aliyegeuka mpiganaji wa Kusini, akakataa kusalimu amri, akakimbilia Texas. Ni filamu nzuri, na anayemtazama Reynolds atamwona Wales nyuma yake. Riwaya iliyozaa filamu hiyo iliandikwa na mtu aliyejiita Forrest Carter. Jina lake halisi lilikuwa Asa Carter, mwanachama wa Ku Klux Klan na mwandishi wa hotuba ya mwaka 1963 ambayo kwayo Gavana George Wallace wa Alabama aliapa kudumisha ubaguzi milele. Wengi walioipenda filamu hawakulijua hilo, wala filamu haiwahubirii ubaguzi. Huhitaji kuhubiri maadamu umekwisha kuwafanya watu wamlilie aliyeshindwa bila kuuliza alikuwa akipigania nini.

Nyika isiyo na sheria nayo ni uzushi kwa kiasi kikubwa. Magharibi ya Marekani haikujengwa na wapweke waliokimbia serikali. Ilijengwa na serikali: sheria ya mwaka 1862 iliyogawa ekari 160 kwa kila mlowezi, reli iliyounganisha pande mbili za bara mwaka 1869 kwa msaada mkubwa wa dola, na jeshi lililowaondoa wenyeji mpaka mauaji ya Wounded Knee ya Desemba 1890. Mwanahistoria Frederick Jackson Turner aliposimama Chicago mwaka 1893 kueleza kwamba mpaka wa walowezi ndio uliozaa uhuru wa Mmarekani, na kwamba sasa mpaka huo umefungwa, tayari kulikuwa na kiu ya mipaka mingine. Anga za mbali zilikuwa zikingoja.

Na mahali ambapo sheria haifiki, ni nani hasa anayefurahia? Filamu ya Star Wars ya mwaka 1999 ililijibu swali hili, pengine bila kukusudia. Malkia kijana anafika Tatooine, sayari ya jangwa nje ya himaya ya Jamhuri, anastaajabu kukuta watoto wanamilikiwa kama mali. Anaelezwa na mama aliye mtumwa kwamba Jamhuri haipo huku. Uhuru wa pembezoni ulikuwa uhuru wa mwenye kumiliki.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Neno merikani, kitambaa kizito cha pamba ambacho bibi zetu walikijua, linatokana na Marekani. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, merikebu za Salem, Massachusetts, zilishusha kitambaa hicho Unguja kwa wingi. Pamba yake ililimwa na watumwa wa Kusini, ikafumwa katika viwanda vya Kaskazini, kisha ikabebwa hadi bara, hata Unyamwezi na kwingineko, kubadilishwa na pembe za ndovu. Pembe hizo zilifika Connecticut zikachongwa vitufe vya piano. Vita vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza pamba, merikani iliadimika sokoni na vitambaa vya India na Uingereza vikachukua nafasi. Shamba ambalo jeshi la Lee lililipigania lilikuwa limefika mpaka kwenye mabega ya wapagazi wetu, nasi tukalivaa.

Narudi kwa Reynolds, kwani sitaki kumdhulumu. Whedon aliwatenga wapiganaji wake na utumwa makusudi. Mwandani wa nahodha, aliyepigana naye tangu bondeni, ni Zoe Washburne, mwanamke mweusi, askari hodari kuliko nahodha mwenyewe. Ni uamuzi wa heshima, na Gina Torres aliuigiza kwa utulivu usiosahaulika. Lakini uamuzi huo una gharama. Katika vita halisi, wanaume weusi wapatao 180,000 walivaa sare ya jeshi la Kaskazini. Walishinda. Kumweka Zoe upande wa walioshindwa ni kuwasafisha walioshindwa kwa jasho la wale waliowashinda.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo tamthilia inakuwa na akili kuliko chimbuko lake. Katika sayari za mbali kuna watu wala-watu waitwao Reavers, nafasi iliyokuwa ya Waapache katika hadithi za zamani: washenzi wasio na sababu. Filamu ya 2005 inafichua kwamba sababu ipo. Muungano ulipuliza dawa ya kutuliza hewani katika sayari ya Miranda ili kuwafanya watu wawe wapole. Watu milioni 30 walilala wasiinuke tena, na wachache waliosalia wakageuka wanyama. Ushenzi wa pembezoni ulikuwa umetengenezwa katikati, kisha ukafutwa kwenye kumbukumbu.

Ipo pia Jaynestown, kipindi kinachostahili kuonyeshwa katika kila darasa la historia ya umma. Vibarua wasio huru, wachimbaji wa udongo, wamesimamisha sanamu ya Jayne, mmoja wa mabaharia wa Reynolds, wakiamini kwamba aliiba fedha za bwana wao ili awagawie. Ukweli ni kwamba alizitupa kutoka angani ili chombo chake kipate wepesi wa kukimbia. Kijana mmoja anakufa kwa kuikinga risasi iliyomlenga Jayne. Jayne anawaambia ukweli kwa kinywa chake, anaisukuma sanamu kwa mikono yake mpaka inaanguka, anaondoka akiwa amevurugika. Sanamu ya Lee mjini Richmond ilisimama tangu 1890, ikaondolewa Septemba 2021, na Lee hakuwepo kusema neno. Jayne anapouliza kwa nini watu wale walifanya vile, anasema kwamba pengine, wakati huu wanaongea, wale vibarua wanaiinua sanamu ile na kuirudisha mahali pake, na nahodha, ambaye naye ana vita vyake vilivyopotea, anakubaliana naye.