Filamu za familia: kwa nini diski bado ina nafasi yake sebuleni

Tangu Netflix ilipofungua milango yake Kenya mwezi Januari 2016, nyumba nyingi za Pwani zimeiacha deki ya DVD ishike vumbi chini ya televisheni. Sababu inaeleweka. Kwa simu na bando, mtoto wa Likoni anaona filamu ileile anayoiona mtoto wa London, bila ya mtu kutoka nyumbani. Biashara ya diski nayo imeshuka duniani kote. Netflix yenyewe ilianza kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta huko Marekani mwaka 1998, na Septemba 2023 ikaifunga huduma hiyo. Mwaka uliofuata Best Buy, mojawapo ya maduka makubwa ya vifaa vya umeme Marekani, ikaacha kuuza filamu za diski.

Hata hivyo wapo wanaoendelea kununua diski, tena si wazee peke yao. Makala haya yanaeleza sababu zao, na namna mzazi wa kawaida anavyoweza kuweka maktaba ndogo ya filamu za familia bila ya kutumia pesa nyingi.

Unacholipia ni ruhusa

Ukilipia huduma ya filamu ya mtandaoni, hununui filamu. Unalipia ruhusa ya kuitazama kwa muda ambao kampuni imeamua kuiweka. Mfano ulio wazi ni filamu ya watoto iitwayo Crater. Disney iliitoa kwenye huduma yake tarehe 12 Mei 2023, na tarehe 30 Juni ikaiondoa. Filamu nzima, kazi ya mamia ya watu, ilidumu wiki saba. Miezi michache baadaye ilirudi kwa njia ya kuuzwa mtandaoni, lakini familia iliyokuwa ikilipia kila mwezi haikuwa na la kufanya ilipoondolewa.

Hata pale penye kitufe cha "nunua", mara nyingi kinachouzwa ni leseni. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika Januari 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamwambie mteja waziwazi kuwa anapata leseni, la sivyo wasitumie neno hilo la kununua. Wahenga wetu walishamaliza: nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Pia kuna hesabu ya bando. Netflix inasema picha safi ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Filamu ya Kihindi ya saa tatu itafika GB 9, na watoto tunawajua: wakipenda filamu wataitaka kesho na kesho kutwa. Diski hulipiwa mara moja. Jirani akitaka kuiona, unamwazima.

Filamu ileile, sura tofauti

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba filamu hubadilishwa baada ya kutoka. E.T. ya Steven Spielberg ilitoka mwaka 1982. Ilipotolewa upya mwaka 2002, bunduki walizoshika askari wakiwafukuza watoto zilifutwa kwa kompyuta, wakashikishwa redio za upepo. Spielberg mwenyewe alikuja kujuta, na Blu-ray ya mwaka 2012 ikarudisha filamu ya awali. The Lion King ya mwaka 1994 nayo iliongezwa wimbo mzima uliochorwa baadaye, na DVD ya mwaka 2003 ikawa na matoleo mawili.

Sholay ya mwaka 1975 ina kisa kikubwa zaidi. Katika mwisho uliopigwa kwanza, Thakur anamuua Gabbar. Wakaguzi wa filamu wa India, wakati wa utawala wa hali ya hatari, waliukataa. Ikabidi upigwe mwingine ambapo polisi wanafika na Gabbar anatiwa mbaroni. Huo ndio mwisho walioukariri baba zetu. Mwezi Juni 2025 filamu hiyo, baada ya kukarabatiwa, ilionyeshwa Bologna, Italia, ikiwa na mwisho wake wa awali.

Kwa hivyo aliye na diski anajua ana toleo gani. Anayetegemea mtandao huona lile lililowekwa siku hiyo.

Zipi za kuanzia

Maktaba ya familia haihitaji diski mia. Ishirini zilizochaguliwa vizuri zinatosha, na kila nyumba ina chaguo lake. Kwa nyumba za Kiislamu za Pwani, ya kwanza mara nyingi ni The Message ya Moustapha Akkad, iliyotoka mwaka 1976. Akkad aliipiga mara mbili: moja kwa Kiingereza, Anthony Quinn akiwa Hamza, na nyingine kwa Kiarabu, Ar-Risalah, Abdullah Gaith akiwa Hamza. Mtume Muhammad (SAW) haonyeshwi wala sauti yake haisikiki. Filamu hiyo ilizua mabishano ilipotoka, na yako mpaka leo, kwa hivyo mzazi aamue mwenyewe. Zipo seti za DVD zenye matoleo yote mawili, na ndizo za kutafuta.

Katika picha za Kihindi, Haathi Mere Saathi ya mwaka 1971, yenye ndovu wake, bado inawashika watoto wadogo. Taare Zameen Par ya mwaka 2007 inahusu mtoto anayeshindwa kusoma huku watu wazima wakimwita mvivu. Walimu nao wangefaidika nayo. Baghban ya mwaka 2003 inahusu wazazi wanaotenganishwa uzeeni na wanao wenyewe. Hiyo itazameni pamoja, kisha mzungumze. Kwa filamu yenye mandhari ya nyumbani, iko Born Free ya mwaka 1966, kisa cha simba jike Elsa, iliyopigwa hapa Kenya.

Tazama pia alama ya umri. Bodi ya Kuainisha Filamu nchini hutumia GE kwa watu wote, PG kwa watoto wakiwa na mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18. Diski za India na Uingereza zenye herufi U zinaruhusiwa kwa kila umri.

Kabla ya kutoa pesa

VCD ndiyo iliyojaa kwenye makabati ya Pwani. Moja huchukua takriban dakika 74, ndiyo maana picha ya Kihindi huja kwa diski mbili au tatu. Sura yake ni hafifu kwenye televisheni kubwa za leo. DVD ya tabaka moja huchukua GB 4.7, na ya tabaka mbili GB 8.5. Blu-ray, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, huanzia GB 25 na huhitaji deki yake maalumu.

Angalia namba ya eneo nyuma ya kasha. Kwa DVD, Kenya imo katika eneo la 5, na kwa Blu-ray ni eneo B. Diski ya Marekani, ambayo ni eneo la 1, yaweza kukataa kwenye deki yako. Uliza dukani kama deki inasoma maeneo yote. Za DVD za bei nafuu nyingi husoma. Diski za Blu-ray za 4K hazina namba ya eneo.

Diski inayodai kubeba filamu kumi iepuke. Ili zitoshee zote, picha imebanwa mpaka nyuso hazitambulikani, na karibu kila mara ni nakala ya wizi. Diski halali inayouzwa nchini inatakiwa kuwa na stika ya usalama ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Mwizi wa filamu hamwibii mzungu wa mbali tu. Hata msanii wa Mombasa anayejaribu kuuza kazi yake huumia.

Kuitunza katika hewa ya Pwani

Adui wa diski hapa kwetu ni joto, unyevu na chumvi. Ndani ya diski mna utando mwembamba wa alumini, na hewa ikipenya, huo utando huoza. Hata kampuni kubwa hazijasalimika: mwaka 2025 Warner Bros. ilikubali kuwa baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2009 zimeharibika.

Simamisha diski ndani ya kasha lake, usizilaze kwa mrundo. Ziweke mbali na dirisha na ukuta unaotoa unyevu. Vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, vitie kabatini, lakini mbali na mikono ya watoto. Unapofuta, tumia kitambaa laini cha pamba, kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Kwenye VCD jihadhari zaidi na upande wa maandishi, kwa sababu alumini iko hapo chini yake tu.

Diski zilizochomwa kwa kompyuta, kama zile za harusi na maulidi, huhifadhi picha kwa rangi maalumu inayofifia kwa joto na mwanga. Hizo ndizo za kwanza kufa, na hazina duka la kuzirudisha. Zinakili wiki hii kwenye kompyuta na kifaa kingine cha kuhifadhia.

La mwisho ni deki yenyewe. Samsung iliacha kutengeneza deki za Blu-ray mwaka 2019, na LG ikafuata. Ukipata deki nzima ya DVD kwa bei ya kutupa, ichukue uiweke akiba. Mtandao tutaendelea kuutumia kuonja filamu mpya. Ila ile unayotaka wajukuu waione kama ulivyoiona wewe, inunue, uiweke kabatini.