Kidude Kilichonyamaza

Masika yalipoanza, kipimo changu cha kina cha mto kilinyamaza. Nilikuwa nimekifunga darajani, kijijini kwa bibi, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Siku ile bibi aliniuliza, "Mjukuu wangu, hicho kidude kitatuamsha maji yakija?" Nikamjibu kitawaamsha.

Nilikirudisha chumbani, nikakiunganisha na kompyuta kwa nyaya tatu: ya kutuma, ya kupokea na ya ardhi. Nikafungua terminali. Zikamwagika herufi zisizosomeka. Nilikuwa nimeweka mwendo wa baudi 9600, kumbe kidude kinazungumza kwa 115200. Kipimo hicho cha mwendo kina jina la Émile Baudot, Mfaransa aliyepata hataza ya telegrafu yake mwaka 1874. Opereta wake naye alilazimika kubonyeza vitufe kwa kufuata mapigo ya mtambo. Akipitwa, ujumbe umeharibika.

Nikarekebisha mwendo. Maneno yakasomeka, lakini yalishuka kwenye skrini kama ngazi. Huo nao ni urithi. Teletype Model 33, ya mwaka 1963, ilichapa kwenye karatasi herufi 10 kwa sekunde. Kurudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari kulikuwa amri moja, kusogeza karatasi amri nyingine. Mwaka 1978 kampuni ya Digital ikatoa VT100, yenye skrini badala ya karatasi, na hadi leo programu nyingi za terminali huigiza mashine hiyo. Karatasi imeondoka, amri mbili zimebaki. Programu yangu ilikuwa ikituma moja tu.

Hatimaye nikasoma. Mstari uleule ulijirudia: umeme umeshuka, naanza upya. Kila redio ilipojaribu kutuma, betri ilizidiwa, kidude kikazima na kuwaka tena. Kumbe hakikuwa kimenyamaza. Kilikuwa kikilalamika kwenye waya ambao hakuna aliyeusikiliza.

Kabla ya kushika chuma cha kulehemu nilimpigia bibi. Nikamwambia ukweli: kwa wiki mbili kisingewaamsha.

"Mto haukuja," akasema. "Ila kijana wa zamu ya usiku darajani hatumwondoi."

Nimeongeza kapasita kubwa, na kidude kinatuma. Kwenye sura ya mbinu nimemwandika na kijana wa zamu.