Panhard et Levassor: waliopanga gari tunalolijua

Haya wasomaji, leo tuache kompyuta kidogo tuongee magari. Ukifungua boneti ya pikapu yoyote unategemea kukuta injini, nyuma yake klachi, halafu giaboksi, halafu nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Mpangilio huu una mwenyewe: Émile Levassor, wa Paris, 1891.

Kampuni yake na René Panhard ilikuwa ikitengeneza mashine za kukatia mbao, si magari. Injini ilikuwa ya Mjerumani, Gottlieb Daimler, na haki za kuitengeneza Ufaransa alikuwa nazo wakili mmoja Mbelgiji, Edouard Sarazin. Huyu akafariki mwaka 1887. Mradi wote ungeweza kufa naye, lakini mjane wake, Louise, akashika mazungumzo na Daimler mwenyewe, haki zikabaki mkononi mwake. Mwaka 1890 akaolewa na Levassor. Vitabu vingi humtaja mama huyu kwa sentensi moja tu, nami naona si haki. Sisi tunaoandika programu tunajua leseni ikipotea kazi imekwisha, hata uwe hodari vipi.

Magari ya wakati ule yalikuwa mikokoteni iliyoondolewa farasi, injini imesundikwa chini ya kiti. Levassor aliijaribu hapa na pale, mwisho akaiweka mbele. Uzito ukakaa sawa, na fundi akaifikia bila kumwinua abiria. Nguvu ilifika nyuma kwa mnyororo, kama baiskeli. Gia zake zilikuwa za kusukumwa zikutane meno kwa meno, kwa kelele nyingi. Inasemekana yeye mwenyewe alikiri kwamba ni mtindo wa kikatili, ila unafanya kazi. (Programu ngapi ziko hivyo?)

Juni 1895 yakafanyika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi, karibu kilomita 1,200. Levassor alifika Ruffec usiku, mapema kuliko ilivyotarajiwa, akakuta dereva wa kumpokea bado amelala. Akaendelea mwenyewe. Alirudi Paris baada ya saa 48 na dakika kadhaa, wastani wa kilomita 24 kwa saa, akimwacha wa pili kwa karibu saa sita.

Zawadi ya kwanza hakupewa! Sheria zilitaka gari la viti vinne, lake lilikuwa na viwili. Ikaenda kwa Peugeot, kampuni ambayo miaka hiyo ya mwanzo ilinunua injini kwa Panhard.

Mwaka uliofuata, mashindano ya Paris–Marseille, alikwepa mbwa njiani, gari likapinduka. Akafa Aprili 1897. Panhard alifuata 1908.

Kampuni iliishi muda mrefu bila wao. Citroën waliimeza kabisa 1965, na gari dogo la mwisho lilitoka 1967. Upande wa kijeshi ukaendelea. Deraya zake aina ya AML zimetumika hata na jeshi letu hapa Kenya. Na ukilala chini ya Land Rover Defender ya zamani utaona chuma kimoja kimekingama, kutoka fremu hadi ekseli ya mbele, kuizuia isiyumbe kushoto na kulia. Kwa Kiingereza chuma hicho bado kinaitwa kwa jina la Panhard.