Kanuni za picha: nani kasema ni za Wazungu?

Ukitaja Butimba, wengi wanafikiria gereza. Nisameheni wadau, leo nazungumzia jirani yake, Chuo cha Ualimu Butimba, ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa, muziki na michezo.

Juzi nilikaa na kijana mmoja anayesomea ualimu wa sanaa. Alikuwa anakariri kwa ajili ya mtihani: urari, mdundo, msisitizo, uwiano, umoja. Yaani mambo yanayofanya jicho lijue pa kuanzia na pa kupumzika kwenye picha. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, haya yametoka wapi?" Akacheka. "Kaka, si Wazungu hao! Sisi tulikuwa tunachora kienyeji tu."

Hiyo "kienyeji tu" ilinichoma. Nilipokuwa darasa la tano nilichora mwalo wa Kirumba: mitumbwi, akina mama, matenga ya dagaa, mbwa, kunguru, wote kwa pamoja. Mwalimu akanipa 4 kwa 10, akaandika chini: "Imejaa mno." Sikuchora tena. Labda ndiyo maana leo naandika habari.

Haya, tuingie kwenye historia. Mwaka 1899 mwalimu wa Kimarekani, Arthur Wesley Dow, alichapisha kitabu kiitwacho Composition. Enzi hizo kujifunza sanaa kulikuwa hasa kuiga: unawekewa sanamu mbele, unaichora kama ilivyo. Dow akasema hapana, anza na mpangilio: mstari, mgawanyo wa weusi na weupe, kisha rangi. Akataja na njia za kuvipanga, kama vile kurudia umbo, kulinganisha pande mbili, na kukiacha kitu kimoja kitawale vingine. Orodha nyingi zinazokaririwa vyuoni leo ni ndugu wa ile ya kwake.

Sasa sikilizeni. Mengi ya hayo Dow aliyapata kwa kutazama picha za Wajapani zilizochapwa kwa mbao. Hata neno alilotumia kwa weusi na weupe, notan, ni la Kijapani. Kumbe hata hao Wazungu walikwenda kuchungulia kwa wenzao, wakaandika walichokiona.

Huku kwetu, mwaka 1937, Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere. Yeye aliogopa kwamba kanuni za Ulaya zingeua jicho la mwanafunzi wa Kiafrika. Alipenda kuwasimulia tukio, kila mmoja akachora alivyoliona kichwani. Mwaka 1958 Cecil Todd akachukua nafasi yake, akageuza mambo: nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya Ulaya, masomo ya wazi kama ya shule za huko. Wapo wanaobishana hadi leo nani alikuwa sahihi. Mimi naona wote wawili walipishana na jambo moja: kanuni zilikuwepo hapa hapa, ila hakuna aliyeziandika ubaoni.

Mchukueni Sam Ntiro, Mchagga aliyepita kwa Trowell, kisha akasoma London, na baada ya uhuru akawa balozi wetu wa kwanza huko Uingereza. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha za Ntiro zimejaa watu wadogo wadogo waliotawanyika kati ya migomba na vilima, kila mmoja na kazi yake, hakuna bwana mkubwa katikati. Mdundo wa migomba na wa watu ndio unaoshikilia kila kitu. Picha hiyo ya 1956 imo kwenye Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Mwalimu wangu angempa ngapi?

Tukija Usukumani kwenyewe, mwaka 1953 Hans Cory, mtafiti aliyeitumikia serikali ya kikoloni, alitoa kitabu kizima kuhusu picha za ukutani za Bayeye, chama cha wacheza na nyoka. Picha hizo zilikuwa ndani ya nyumba, zikitumika kuwafundisha wanachama wapya. Picha ya kufundishia haiwezi kuchorwa ovyo. Lazima mwanagenzi ajue kipi ni kikubwa, kipi kinafuata kipi. Huo ni msisitizo na mpangilio, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Na kama mnataka majina, Kiswahili kinayo. Tazama kanga ya mama. Pindo inazunguka pande zote nne na kuifunga picha. Mji ni uwanja wa katikati. Jina linakaa chini ya mji, karibu na pindo, mahali jicho linapofika baada ya kuzunguka. Pindo, mji, jina: hilo ni somo zima la mpangilio, na bibi zetu walilijua bila kukaa darasani.

Simwambii kijana wangu amtupe Dow. Akariri, afaulu. Ila kesho atasimama mbele ya watoto 80, na mmoja wao atachora mwalo uliojaa. Akiamini kwamba kanuni zote zilitoka ng'ambo, atampa 4. Akijua alikotoka Ntiro, pengine atainama amuulize, "Hebu nionyeshe jicho langu lianzie wapi."

Nilimpeleka pale ziwani tukatazama lile jiwe maarufu, lililosimama juu ya mengine kama linataka kuanguka na halianguki. Urari huo. Tunaliita Bismarck, jina la chansela wa Ujerumani. Lakini jiwe lilikuwepo kabla yake.

Naomba kuwasilisha. Wenzangu mnasemaje?