Grafu: kutoka jedwali la x na y hadi kioo cha tarakilishi

Leo tuache programu mpya kidogo, tutazame nyuma.

Nilipokuwa Kidato cha Tatu, grafu moja ilikula kipindi kizima. Unaandika jedwali, x kutoka -3 hadi 4, unatafuta y, unatia alama kwenye karatasi ya grafu, kisha unaziunganisha kwa penseli ukiomba mkono usitetemeke. Kengele inalia. Katika y = ax² + bx + c, sikuwahi kuona kazi ya a, kwa sababu kuibadilisha kulimaanisha kuanza upya. Swali hilo nilikuja kulipata kwenye KCSE, alama nikapewa, lakini kuelewa sikuelewa.

Na mashine ya kunionyesha ilikuwepo! Mwaka 1985 Casio ilitoa fx-7000G, kalkuleta ya kwanza kuuzwa yenye uwezo wa kuchora grafu. Kioo kilikuwa na nukta 96 kwa 64, na nafasi ya programu ilikuwa baiti 422 tu. Njia yake ilikuwa ileile ya jedwali letu: inachukua x, inakokotoa y, inawasha nukta, inaendelea na x inayofuata. Ilituzidi kasi tu. Mwaka 1990 Texas Instruments ikaleta TI-81, iliyolenga hasa madarasa ya Marekani. Kwetu bei ilikuwa ukuta, na kwenye KCSE kalkuleta inayoruhusiwa ni ile isiyoweza kuprogramiwa.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Ron Avitzur. Mwaka 1993 alikuwa na kandarasi Apple, mradi wake ukafutwa. Badala ya kwenda nyumbani, yeye na mwenzake Greg Robbins waliendelea kuingia ofisini kinyemela, bila mshahara, mpaka programu yao ya kuchora grafu ikakamilika. Mwaka 1994 ilitoka ndani ya tarakilishi za kwanza za Power Macintosh. Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huo.

Lakini aliyetufikia sisi ni Markus Hohenwarter. Mwaka 2001, akiwa mwanafunzi wa uzamili Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, alianza GeoGebra. Humo jiometri na aljebra zinakaa pamoja: badilisha mlinganyo, mchoro unafuata; vuta mchoro, mlinganyo unabadilika. Mwalimu na mwanafunzi hawailipii, na ukishaiweka kwenye mashine haihitaji mtandao. Mwaka 2011 ikaja Desmos, inayofunguka ndani ya kivinjari.

Likizo iliyopita nilimpa mpwa wangu laptopu, nikamwambia avute a polepole kutoka 3 hadi -3. Mkunjo ukapanuka, ukalala ukawa mstari mnyoofu, kisha ukapinduka.

"Mjomba, mbona kwenye sifuri ni mstari?"

Swali hilo mimi sikuwahi kuliuliza kwa miaka minne.

Hata hivyo sisemi tutupe karatasi. Mtihani bado unataka penseli, na asiyewahi kujaza jedwali hajui mashine inafanya nini. Ila mwalimu mwenye laptopu moja na projekta anaweza kuanza na jedwali ubaoni, kisha akavuta a mbele ya darasa lote. Hilo linamchukua dakika tano.

Kwenu mlifundishwaje? Tuambiane.