Ngazi za Bwami: Methali na Madaraja katika Jamii ya Walega

Miongoni mwa jamii za Kibantu zilizojitawala pasipo mfalme, Walega wa misitu ya mashariki ya Kongo, waliotajwa katika maandishi ya kikoloni kwa jina la Warega, wanastahili kuangaliwa kwa makini. Kilichowaunganisha ni Bwami, chama chenye madaraja kilichowaingiza wanaume pamoja na wake zao.

Wanaume walianzia daraja la chini, kongabulumbu, wakapanda hadi ngandu, kisha yananio, na hatimaye kindi, ambalo nalo liligawanyika katika ngazi za ndani. Wanawake walikuwa na madaraja yao. La juu kabisa, bunyamwa, lilifungamana na kupanda kwa mume. Mali ilihitajika, na jamaa walichangia. Lakini mali peke yake haikumfikisha mtu kileleni. Mwombaji alipimwa kwa mwenendo: upole, subira, na uwezo wa kupatana na watu. Neno busoga lilijumlisha uzuri na wema kwa pamoja.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya lugha. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake *Lega Culture* mwaka 1973, alionyesha kwamba methali ziliimbwa na kuchezwa huku vinyago, majani na ngozi vikionyeshwa. Mfano mmoja ni sanamu ya Sakimatwematwe, yaani Bwana Vichwa Vingi. Msomaji anayejua Kikuyu au Kikamba atalitambua shina -twe, lenye maana ya kichwa. Sanamu hiyo ilimsifu mzee anayeangalia pande zote kabla ya kuamua. Hata hivyo, kifaa kimoja kiliweza kubeba methali mbalimbali kulingana na daraja na shughuli. Maana haikukaa katika mti wala katika pembe, bali katika usemi.

Hapa ndipo ulipo msiba. Utawala wa Kibelgiji ulikipiga marufuku chama hiki mwaka 1948, ukikihesabu kuwa hatari kwa amani, ilhali hicho ndicho kilichofundisha amani. Vinyago vingi vya pembe za ndovu vilikwisha kusafirishwa na viliendelea kusafirishwa hadi makumbusho ya Ulaya na Marekani, ambako husifiwa kwa umbo lake. Methali hazikusafirishwa pamoja navyo.

Ni dhahiri, basi, kwamba kuiita Bwami "chama cha siri" na kuishia hapo ni kuipunja. Ilikuwa shule ya watu wazima, na vitabu vyake vilikuwa vinywa vya wazee. Sanamu iliyomo kabatini yaweza kungoja karne nzima. Mzee aijuaye methali yake hangoji. Wajibu wa kwanza wa mwanaisimu, kwa hiyo, ni kumwendea mzee huyo kabla ya kuliendea kabati.